Nishani ya Watu wa Msafara

Watu wengi wakisikia neno nishani huwaza askari na bunduki. Wala hawakosi, maana Tabora ni mji ulioona vita. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa watu wa Kongo, yaliuteka mji huo katika mikono ya Wadachi. Jemadari wao, Charles Tombeur, baadaye alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaongezwa katika jina lake. Lakini sisi twataka kuwakumbusha wasomaji nishani nyingine, iliyostahiliwa katika njia ile ile ya misafara zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, na watu wasiovaa nguo za kiaskari.

Mwaka 1872 Daktari Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, akingoja watu wa kumchukulia mizigo. Mwezi wa Agosti akaondoka kwenda kusini, na mwanzo wa Mei 1873 akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Waliokuwa pamoja naye waliongozwa na Susi, mtu wa Shupanga, na Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani mwaka 1861. Wangaliweza kuizika maiti pale pale na kwenda zao, wala hapana ambaye angaliwalaumu. Hawakufanya hivyo. Waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, kisha wakashika njia.

Njiani waliugua, na katika kijiji kimoja iliwabidi kupigana. Oktoba wakafika Kwihara. Hapo walimkuta Luteni Cameron, afisa wa manowari za Kiingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Naye akawashauri wamzike hapo hapo Unyanyembe, kwa kuwa watu wa mbele huogopa maiti, na msafara wote waweza kuangamia. Shauri lile halikuwa la kipumbavu, na aliyelitoa alikuwa mkubwa. Walakini wale watu wakakataa: bwana wao lazima azikwe kwao.

Hatari ile ilikuwa ya kweli. Walipofika Kasekera, wenyeji wakawazuia wasipite na maiti. Ndipo wakafanya hila. Walifunga mabua kwa nguo kama maiti, wakawatuma wenzao wayachukue kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Wale wakayatupa porini, wakarudi usiku kwa siri. Maiti yenyewe ikafungwa upya mfano wa robota la nguo, wakapita nayo.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Livingstone akazikwa London tarehe 18 Aprili, katika kanisa la Westminster. Katika wale wote ni Wainwright peke yake aliyekuwapo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufungwa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kikatengeneza nishani 60 kwa ajili ya watu wa msafara. Zilipofika Unguja, wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

Wazee wetu husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini hawa waliufanya mzigo wa mwenzao kuwa wao, wakauhisi uzito wake muda wa miezi tisa. Askari vitani ana jemadari wa kumwamuru, na akikimbia huadhibiwa. Watu hawa jemadari wao alikuwa amekufa, na ndiye waliyemchukua mabegani. Kama wangalikimbia, nani angaliwaadhibu? Nasi twaona ya kuwa ushujaa wa namna hiyo ulistahili nishani, na ya kuwa hata yule ambaye nishani haikumfikia alikuwa ameistahili vile vile.