Ramani, Kibla na Theluji: Jiografia Inaanzia Nyumbani



Siku hizi za Ramadhan, ukimaliza swala ya Alfajiri, toka nje utazame Mlima Kenya kabla mawingu hayajauficha. Wa Meru atautazama upande wa kusini-magharibi. Wa Embu atautazama kaskazini, kidogo kuelekea magharibi. Mlima ni ule ule mmoja. Basi hapo umeshaanza somo la ramani: kwanza jua uko wapi, ndipo useme kitu kiko wapi.

Tujaribu swali la pili. Kibla chetu kiko wapi? Wapo vijana watakaojibu haraka, "Mashariki!" kwa kuwa wamesikia Makkah iko Mashariki ya Kati. Hebu fungua atlasi. Meru iko karibu nyuzi 38 mashariki na Makkah karibu nyuzi 40. Kwa hiyo kutoka hapa unaelekea kaskazini, na unageuka mashariki kidogo tu. Masafa ni kama kilomita 2,400.

Ikweta nayo inapita kusini kidogo ya mji wa Meru. Ndiyo maana mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, na funga yetu haibadiliki sana. Ndugu zetu wa London, Ramadhan ikiwaangukia mwezi wa Juni, hufunga zaidi ya saa 16. Kumbe jiografia iko mpaka kwenye futari!

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Mwaka 1154, al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Sicily ramani kubwa ya dunia, kusini ikiwa juu. Maelezo yake yaliitaja miji ya pwani yetu kama Malindi. Lakini habari za bara walikuwa nazo wenyeji wenyewe.

Tarehe 3 Disemba 1849, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, aliona vilele vyeupe kwa mbali. Alipopeleka habari Ulaya, wataalamu wengine walimcheka. Mmoja wao, William Cooley wa London, hakukubali kabisa kwamba theluji yaweza kukaa chini ya jua la ikweta. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huku! Kumbe wenyeji walikuwa wakiiona theluji hiyo kila siku, na Wameru mlima wanauita Kirimaara. Joseph Thomson alipouona mwaka 1883, ubishi ukaisha. Mwaka 1899 Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia, akafika kilele cha Batian, mita 5,199.

Wakosoaji walisahau kwamba kadiri unavyopanda juu ndivyo baridi inavyozidi. Nawe hilo unalijua bila kitabu. Panda gari kutoka Mbeere au Tharaka, kwenye joto, mtama na ndengu. Ukipanda unakuta kahawa, halafu chai, kisha msitu, na mwisho barafu. Miteremko ya mashariki na kusini-mashariki inapata mvua nyingi kwa sababu upepo unaleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Upande wa pili, kuelekea Laikipia, ni mkavu.

Sasa, kijana mwenzangu, hapa ndipo penye uchungu. Theluji ile waliyoibishia inaondoka kweli. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Dunia inapata joto, na moshi mwingi uliosababisha hayo haukutoka Chuka wala Runyenjes.

Lakini tusijitoe lawamani. Maji ya mito yetu hayatoki sana kwenye barafu, yanatoka kwenye mvua na msitu unaoyahifadhi. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori lilipima msitu huu kwa ndege na kukuta uharibifu mkubwa: miti ya thamani imekatwa, matanuri ya mkaa yamejaa. Hata msitu wa Imenti, jirani na mji wa Meru, uliumia. Mkataji hakuwa Mzungu wa London, bwana.

Maji hayo ndiyo Thuci na Nithi, nayo huingia Mto Tana. Kwenye Tana kuna mabwawa 5 ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Taa inayowashwa msikitini, chai ya shambani na maji ya udhu, vyote vinategemea msitu ule. Maendeleo ndiyo hayo.

Basi likizo hii tafuta ramani ya eneo lenu, ile ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Tafuta mto wenu, ufuate kwa kidole hadi chanzo chake. Kisha uende ukakione kwa macho, usiwe kama Cooley. Ukikuta pako uchi, rudi na wenzako na miche.

Ramadhan Mubarak. Wabillahi tawfiq.