Jiwe la Mugere

Nilipofika Bujumbura kutoka Ujiji nilikuwa na shahada na anwani ya mama mdogo, Buyenzi. Kwa miezi mitano nilipeleka barua za kuomba kazi, hakuna iliyojibiwa. Hapa asiye na kazi huitwa mshomeri, na mshomeri akishinda barazani mtaa mzima humwona. Basi nikawa natoka asubuhi kama mwenye pa kwenda.

Bustani ya mjini niliimaliza kwa siku mbili. Nikapanda kilimani Vugizo kwenye kaburi la Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, hata mwezi haujatimia tangu chama chake, UPRONA, kishinde uchaguzi.

Lakini lililonishika ni jiwe la Mugere. Liko kiasi cha kilomita 12 kusini mwa mji, upande wa njia ya Rumonge. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe: 25-XI-1871. Kijana niliyemkuta pale akaniambia kwamba hapo ndipo walipokutana mara ya kwanza. Kuniambia mimi, mtoto wa Ujiji! Nilitaka kubishana, nikanyamaza. Yeye alikuwa kazini.

Walikuwa wamekwisha kukutana kwetu. Huku walikuja pamoja kwa mtumbwi kuchunguza mto Rusizi: unatoka ziwani au unaingia? Kama ungetoka, huenda maji yake yangefika Naili. Wakakuta unaingia. Mtumbwi wenyewe waliazimwa na Said bin Majid, mfanyabiashara wa Ujiji, na ulikuwa na wapiga makasia, mpishi, na Wajiji wa kuonyesha njia. Hao wote walilala Mugere usiku uleule. Jiwe halina jina la hata mmoja wao.

Nilirudi kwa miguu, maana nauli ilikuwa ya kwenda tu.

"Leo umepata nini, mwanangu?" akauliza mama mdogo. Nikamsimulia habari ya jiwe. Baba mdogo, mzaliwa wa Buyenzi, ambaye kwa kawaida hanisemeshi mpaka habari ya kazi itajwe, akazima redio. Akasema babu yake alikuja Usumbura, kama mji ulivyoitwa zamani, akipiga kasia mwenyewe, na chumvi ya Uvinza ndani ya mtumbwi.

Nilimwuliza jina la mzee huyo. Karatasi niliyokuwa nayo ni nakala ya barua ya kuomba kazi. Nikaligeuza na kuliandika nyuma yake.