Kuosha Santuri kwa Ultrasaundi: Historia ya Mashine ya Karakana na Funzo Lake kwa Hifadhi za Sauti za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya uoshaji wa santuri tangu zama za shelaki hadi mashine ya ultrasaundi inayoundwa na mafundi na wapenzi wa muziki katika karakana zao. Inaonesha kwamba mashine hiyo ni zao la mikondo miwili isiyokuwa na uhusiano hapo mwanzo: utafiti wa mawimbi ya sauti chini ya maji, na juhudi za watumiaji wa santuri za kupambana na vumbi. Hoja kuu ni kwamba hifadhi za sauti zenye bajeti ndogo zinaweza kuitumia mashine ya karakana bila kuona haya. Hata hivyo, usalama wa santuri hautokani na bei ya mashine. Unatokana na kutambua santuri imeundwa kwa malighafi gani kabla haijaguswa na maji.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice. Santuri za zama hizo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na mdudu wa laki anayeishi juu ya miti ya India na nchi jirani zake, uliochanganywa na unga wa mawe. Miongo minne baadaye, Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara ya santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na hizo zilikuwa za vinaili, aina ya plastiki. Kwa hiyo, urithi wa santuri wa Afrika Mashariki una matabaka mawili makuu: moja la utomvu, jingine la plastiki. Kwa macho ya mtu asiye na ujuzi, yote mawili ni sahani nyeusi zenye vumbi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu, pale utepe asilia wa studio unapokuwa umepotea, santuri iliyobaki ndiyo chanzo pekee cha sauti. Kabla ya kuhamishiwa katika mfumo wa kidijitali ni lazima ioshwe, maana uchafu ulio ndani ya mifereji huingia katika rekodi mpya kama mikwaruzo na milio. Lakini santuri iliyooshwa vibaya haina marudio. Swali linalowakabili wasimamizi wa hifadhi, basi, ni la kihistoria na la kisera kwa pamoja: ujuzi wa kuosha santuri umetoka wapi, na ni sehemu gani ya ujuzi huo inayoweza kuaminiwa?

2.0 Vumbi na Mifereji Midogo

Katika zama za shelaki, vumbi halikuwa adui mkubwa. Sindano ya chuma ilikandamiza kwa uzito mkubwa, na ule unga wa mawe uliomo katika santuri ulikusudiwa kuisaga ncha ya sindano hadi ilingane na mfereji. Sindano ilibadilishwa mara kwa mara, na chembe nyingi za vumbi zilisukumwa kando. Kelele ya nyuma ilikuwa kubwa kiasi kwamba mlio wa chembe moja haukujitokeza.

Hali ilibadilika mwaka 1948, kampuni ya Columbia ya Marekani ilipoingiza sokoni santuri ndefu ya vinaili ya mizunguko 33⅓ kwa dakika. Mwaka uliofuata RCA Victor ilitoa santuri ya mizunguko 45. Ncha ya sindano ya santuri za mizunguko 78 ilikuwa na nusu kipenyo cha takribani maikromita 75, ilhali ile ya mifereji midogo ilikuwa takribani maikromita 25. Chembe iliyokuwa ndogo katika mfereji wa zamani iligeuka kuwa jiwe katika mfereji mpya. Zaidi ya hayo, vinaili ikisuguliwa hujijaza umeme tuli, na umeme huo huvuta vumbi kutoka hewani. Utulivu wa vinaili, ambao ndio uliokuwa sifa yake kuu, uliufanya kila mlio wa chembe usikike.

Waliolivalia njuga tatizo hilo walikuwa mafundi wachache waliofanya majaribio yao wenyewe. Nchini Uingereza, Cecil Watts alibuni katika miaka ya 1950 brashi ndogo iliyoitwa Dust Bug, iliyopita juu ya santuri wakati ikipigwa. Percy Wilson, aliyewahi kuwa mhariri wa ufundi wa jarida la The Gramophone, alichapisha mwaka 1965 uchambuzi wa sababu za uchafu wa santuri na tiba yake. Alisisitiza kuosha kwa kimiminika na kukifyonza chote kabla hakijakauka, kwa kuwa maji yakiachwa yakauke huuacha uchafu palepale ulipokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wazo hilo liligeuzwa kuwa mashine na Keith Monks, na mashine hizo zikaingia katika maktaba za santuri za taasisi za utangazaji, ikiwamo BBC. Mpangilio wa matukio haya ni wa kuzingatiwa: fundi alitangulia, taasisi ikafuata.

3.0 Kutoka Baharini hadi Kwenye Beseni

Mkondo wa pili wa historia hii ulianzia baharini. Mwaka 1895 John Thornycroft na Sydney Barnaby waliripoti kwamba panga za meli za kivita zenye kasi kubwa zilipoteza nguvu kwa sababu maji yaliyozizunguka yalitengeneza viputo. Mwaka 1917 Lord Rayleigh alionesha kwa hesabu kwamba kiputo cha namna hiyo kinapojifunga huzalisha shinikizo kubwa mno katika sehemu ndogo sana. Kwa wahandisi wa meli, jambo hilo lilikuwa hasara, kwani lilikula chuma cha panga.

Katika miaka hiyohiyo ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanafizikia wa Ufaransa Paul Langevin alikuwa akitafuta njia ya kugundua nyambizi. Alitegemea ugunduzi wa ndugu Jacques na Pierre Curie wa mwaka 1880, kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme hutikisika. Langevin alibana vipande vya kwatzi kati ya bamba mbili za chuma, akapata chombo cha kutoa mawimbi makali ya sauti yaliyozidi uwezo wa sikio la binadamu. Mwaka 1927 Robert Wood na Alfred Loomis wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio mapana kuhusu athari za mawimbi hayo kwa vimiminika na viumbe hai.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, seramiki zilizotikisika kwa umeme ziliishika nafasi ya kwatzi, na kufikia miaka ya 1950 viwanda vilikuwa vikiosha vipuri vidogo na vifaa vya tiba katika beseni za ultrasaundi. Kiputo kilichokuwa kikila panga za meli sasa kilipewa kazi ya kubandua uchafu. Seramiki zilizobanwa kwa bolti kati ya vipande vya metali, ambazo hadi leo hugundishwa chini ya beseni za aina hiyo, bado huitwa kwa jina la Langevin.

4.0 Mashine ya Karakana

Mikondo hiyo miwili ilikutana katika karne hii, wakati beseni ndogo za ultrasaundi zilipoanza kupatikana kwa bei nafuu. Mashine za kiwandani zilizobuniwa mahususi kwa santuri ziliuzwa kwa maelfu ya dola za Kimarekani. Wapenzi wa santuri wakatambua kwamba kilichokosekana katika beseni ya kawaida kilikuwa kitu kimoja tu: namna ya kuizungusha santuri ndani ya maji bila kulowesha lebo yake.

Jibu lilikuwa mhimili uliolazwa juu ya beseni, ukizungushwa polepole na mota ndogo. Vipimo vyenyewe vinaeleza kwa nini beseni ya lita 6, ambayo kwa kawaida ina urefu wa sentimita 30, upana wa 15 na kina cha 15, ilipendwa. Santuri ndefu ina nusu kipenyo cha sentimita 15, na lebo yake sentimita 5. Mhimili ukiwa juu kidogo ya sentimita 5 kutoka usoni mwa maji, lebo hubaki kavu, sehemu yenye mifereji huzama, na upana wa santuri pale inapokutana na maji ni takribani sentimita 28. Inaingia bila kugusa kuta.

Fizikia nayo iliwafundisha waundaji subira. Katika maji, wimbi la kilohezi 40 lina urefu wa takribani milimita 37. Santuri zikisongamana huzuiana mawimbi, hivyo waliotaka kuosha nyingi kwa mara moja walilazimika kupunguza idadi na kuachanisha. Masafa ya chini hutoa viputo vikubwa vyenye kishindo, ya juu hutoa vidogo vyenye upole. Maji mapya hayana budi kutikiswa kwa dakika kadhaa bila santuri ili hewa iliyomo itoke, maana hewa hiyo hupunguza nguvu ya viputo. Ultrasaundi yenyewe hupasha maji joto, na vinaili huanza kulegea na kupinda joto likizidi. Waangalifu huizima beseni kabla maji hayajafika nyuzi 40 za Selsiasi.

Kuhusu kimiminika, kilichokubalika zaidi ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa madukani kwa ajili ya kuongezwa katika betri za magari (si tindikali ya betri), pamoja na matone machache ya sabuni laini isiyo na manukato, kisha kusuuza kwa maji safi. Baadhi ya waundaji waliongeza alkoholi. Zoea hilo halifai kuigwa na taasisi: mvuke wa alkoholi juu ya beseni yenye joto na umeme ni hatari ya moto.

5.0 Mpaka wa Mashine

Hatari nyingine ya alkoholi ni ya kihistoria zaidi. Mapishi mengi ya kuosha santuri yaliandikwa na watu wenye vinaili, kwa ajili ya vinaili. Alkoholi isiyodhuru vinaili huyeyusha shelaki. Ndiyo inayotumiwa na maseremala kuiyeyushia shelaki ya kupakia fanicha. Anayenakili mapishi hayo bila kuuliza santuri yake ni ya nini anaweza kuifuta sauti ya miaka ya 1920 kwa dakika chache.

Shelaki inavumilia maji kwa muda mfupi tu, kwa kuwa ule unga na nyuzi zilizochanganywa humo hunyonya unyevu. Nyufa zisizoonekana nazo zinaweza kupanuliwa na mtikisiko. Hatari zaidi ni sahani za lakeri, zilizotumiwa na studio na vituo vya redio kurekodi papo hapo kabla ya utepe wa sumaku kuenea. Hizi zina utando mwembamba uliopakwa juu ya bamba, mara nyingi la alumini, na utando huo husinyaa na kubanduka kadiri unavyozeeka. Kuitia sahani ya namna hiyo katika beseni ya viputo ni kuukamilisha uharibifu ambao muda umeuanza.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaondoa dhana kwamba kifaa cha karakana ni mbadala wa watu wanyonge. Uoshaji wa santuri tangu Watts na Wilson umeendelezwa na watu waliounda walichokihitaji. Kwa hifadhi ya sauti ya Dar es Salaam, Nairobi au Unguja, beseni ya kununuliwa na mhimili uliotengenezwa na fundi wa mtaani ni uamuzi wenye mantiki, tena una faida ya kuweza kukarabatiwa hapohapo.

Mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, kila santuri itambuliwe malighafi yake na kuandikwa katika orodha kabla ya kuoshwa. Sahani za lakeri zitengwe, na za shelaki zisiingizwe katika beseni ya ultrasaundi. Pili, mashine mpya ijaribiwe kwa vinaili zisizo na thamani ya kihifadhi. Tatu, mota iwe ya volti 12, na umeme wa beseni upitie swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Nne, bajeti ya mafunzo ya mtumishi itangulie bajeti ya mashine. Beseni haiwezi kutofautisha utomvu na plastiki. Mtu aliyefundishwa anaweza.