Magugu Yaliyorudi Chicago

Mwaka 1888, katika bustani ya umma ya Union Park mjini Chicago, kibarua mmoja mhamiaji kutoka Denmark alikuwa amechoka kuona maua yake yakifa. Jens Jensen aliyapanda kama mtindo wa enzi hizo ulivyotaka: maua ya kigeni, mistari iliyonyooka. Udongo wa pale ukayakataa. Basi akachukua gari la farasi, akatoka nje ya mji, akarudi na maua ya porini ambayo wakulima waliyahesabu kuwa magugu. Bustani ile akaiita ya Kimarekani. Waliopita walifurahi kuyaona maua waliyoyajua.

Wakati huo magugu hayo yalikuwa karibu yatoweke. Jimbo la Illinois liliwahi kuwa na ekari zipatazo milioni 22 za prairi, mbuga ya nyasi zinazompita mtu kimo, ambayo wenyeji wa asili waliichoma kwa makusudi ili ichipue upya. Udongo wake mweusi ulinata kwenye plau kama ugali wa moto kwenye mwiko. Mkulima alikwenda hatua chache, akasimama kukwangua. Mwaka 1837 mhunzi John Deere, katika kijiji cha Grand Detour, akachukua feleji ya msumeno uliovunjika, akafua plau iliyong'aa. Udongo ukateleza wenyewe. Leo haijabaki hata ekari moja katika kila elfu, na mabaki mengine yamo kwenye makaburi ya walowezi na kandokando ya reli, mahali ambapo plau haikufika.

Siri ya mimea hii iko chini. Huko Nebraska, mtaalamu wa mimea John Weaver alichimba mahandaki na kuifuata mizizi mmoja mmoja ardhini. Mmea wa dira, uitwao hivyo kwa sababu majani yake huelekeza kingo zake kaskazini na kusini, huzamisha mzizi zaidi ya mita nne. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika na vumbi likafunika mashamba, nyasi za mizizi mifupi zilitangulia kufa. Ndiyo maana anayepanda maua ya prairi kama ekinasia au liatrisi asikate tamaa msimu wa kwanza: juu haionekani kitu cha maana, kazi yote inafanyika gizani.

Muongo huohuo, mjini Madison, Chuo Kikuu cha Wisconsin kiliwatumia vijana wa kambi za ajira za serikali kupanda prairi upya kwenye shamba lililochoka. Baadaye majaribio hapo yakaonyesha kwamba moto husaidia kuzuia nyasi ngeni zisiitawale. Wenyeji wa asili hawakuhitaji majaribio.

Ulaya nayo ilikuwa imeyachukua maua haya zamani, ikayalea kwenye vitalu. Huko Potsdam, mwenye kitalu Karl Foerster aliwafundisha Wajerumani kupenda nyasi bustanini, na Mholanzi Piet Oudolf, aliyeanza kitalu chake Hummelo mwaka 1982, akaenda mbali zaidi: kwake ua lililokauka ni zuri sawa na lililochanua. Ndiye aliyebuni upandaji wa Lurie Garden, iliyofunguliwa katikati ya Chicago mwaka 2004. Mdenmarki kwanza, Mholanzi baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Majira ya baridi, katika Lurie Garden, vichwa vyeusi vya ekinasia huachwa vimesimama kwenye theluji, ndege wakidonoa mbegu. Kabla machipukizi hayajatoka, mabua hukatwa, hayachomwi. Moto katikati ya majengo marefu ungekuwa balaa. Na chini ya bustani hiyo kuna maegesho ya magari na njia ya treni. Mzizi wa mmea wa dira hapo hauna mita nne za kushukia.