Historia ya Neno "Board" na Funzo Lake kwa Wafasiri

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wafasiri ni neno fupi "board". Hulikuta darasani, bandarini, katika habari za shule na katika sheria, na kila mahali lina maana yake. Aghalabu mfasiri hushawishika kuandika "bodi" popote linapotokea. Yafaa tuitazame historia ya neno hilo kabla ya kuikubali njia hiyo.

Katika Kiingereza cha kale neno hilo liliandikwa "bord", na maana yake ilikuwa ubao. Kwa kuwa meza ilitengenezwa kwa mbao, meza nayo ikaitwa hivyo. Kutoka mezani neno likapata maana ya chakula kinacholiwa hapo, na ndiyo asili ya jina la Kiingereza la shule ambazo wanafunzi hula na kulala. Kufikia karne ya 16, watu waliokaa kuizunguka meza wakishauriana nao walikuwa wakiitwa "board". Kwa upande wa mabaharia, neno la umbo hilohilo lilikuwa na maana ya ubavu wa chombo. Ndiyo sababu Waingereza huita upande wa kulia wa meli "starboard", yaani upande uliokuwa na kasia la kuongozea.

Kiswahili kilifuata njia yake chenyewe. Shule hizo sisi twaziita shule za bweni: Mwingereza alitazama chakula, Mswahili akatazama malazi. Wanaokutana kushauriana twawaita baraza, na baraza kwa asili ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, ambapo watu hupumzika na kuzungumza. Lugha zote mbili zimewapa watu jina la mahali walipokaa, ila mahali penyewe ni tofauti. Ubao wetu nao una jamaa zake: bao la kete, bao la ramli, na bao linalofungwa uwanjani.

Neno "bodi" tulilolikopa halikuondoa utata. Bodi ya wakurugenzi yatokana na "board", lakini bodi ya basi yatokana na "body". Maneno mawili ya kigeni yamekutana katika umbo moja la Kiswahili.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ihusuyo vyombo vya majini yaweza kutaja "board" yenye mamlaka ya kutoa leseni, na papo hapo ikataja watu walio "on board", yaani waliomo chomboni. Mfasiri asiyetofautisha atampotosha msomaji. Hali kadhalika, akiandika "bodi" katika kifungu kimoja, "baraza" katika cha pili na "halmashauri" katika cha tatu, ilhali chombo ni kilekile, mwananchi atadhani kuna vyombo vitatu, wala hatajua apeleke wapi rufaa yake.

Kwa hiyo tuanze na dhana, kisha tutafute istilahi. Dhana tofauti zipewe istilahi tofauti, na dhana moja ibaki na istilahi moja tangu kifungu cha kwanza hadi cha mwisho.