Misitu ya Unyamwezi na Njia ya Misafara

Tunapoutaja mji wa Tabora, wengi wetu huikumbuka njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, hata ikafika Ujiji. Twakumbuka pembe za ndovu na minyororo ya watumwa, miembe iliyoota kandokando ya njia, na tembe la Kwihara alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Lakini njia hiyo ilipita katikati ya msitu wa miombo, na msitu huo nao una historia inayostahili kuhesabiwa katika urithi wa Taifa.

Wanyamwezi wa zamani walikuwa wakulima, wasafiri na warina asali. Kabla Waarabu hawajajenga Tabora katika karne ya 19, wao walikwisha kufika pwani na bidhaa zao. Mvua zilipokoma na mavuno kuwekwa ghalani, wako walioshika njia ya pwani, na wako walioingia msituni na mizinga yao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi ulififia. Lakini kazi ya nyuki ilidumu, na nta ikaendelea kuuzwa ng'ambo.

Yafaa ikumbukwe kwamba msitu huu haukuwa pori tupu. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya mkoloni iliwahamisha watu wengi na kuwakusanya katika makazi makubwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Mahame yao yakamezwa na miti, na baadaye sehemu kubwa ya nchi hiyo ikatengwa kuwa hifadhi. Hata hivyo wenyeji walirudi kila kiangazi kuifuata mizinga yao. Mwaka 1962 wafugaji nyuki wa Tabora walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha ushirika.

Wakati huo zao jingine lilikuwa limeanza kuota mizizi. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulipovunjika mwaka 1951, mashamba ya Urambo yaligeukia tumbaku. Zao hili limewapatia wananchi fedha, wala hatuwezi kuwalaumu kwa kulilima. Lakini mabani ya kukaushia tumbaku hula kuni bila kushiba. Mkulima wa tumbaku autaka mti uliokatwa, na mrina asali autaka mti unaochanua. Naye mrina asali ana deni lake: mti uliochunwa gome pande zote ili kutengeneza mzinga hufa. Ndiyo maana mizinga ya mbao inayofundishwa siku hizi ina faida kwa mtu na kwa msitu.

Swali kubwa ni hili: nani ataulinda msitu? Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla, ambamo warina asali waliingia kwa vibali, lilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Wanyama wamepata ulinzi mkubwa zaidi, bali mizinga haina nafasi katika hifadhi ya taifa. Kwa upande mwingine, katika maeneo ya Ipole na Uyumbu, vijiji vimepewa madaraka ya kuhifadhi wanyamapori kwa pamoja na kupata sehemu ya mapato ya wageni. Twaona njia hii ya pili inakaribia zaidi desturi ya wazee, kwa kuwa mtu huchunga kwa bidii kile kinachomlisha.

Tangu mwaka 2006 njia ya misafara, pamoja na Kwihara, imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Basi mgeni ajaye kulitazama tembe asiishie kwenye kuta zake. Aongozwe na wanavijiji hadi msituni, aone mzinga ukitundikwa, anunue asali kwa mwenyewe aliyeirina. Fedha hiyo ikibaki kijijini, mti uliosimama utakuwa na thamani kuliko kuni, na watoto wa Unyamwezi watairithi miombo ingali hai.