Utamu wa Halua Ulitoka Wapi?

Leo tutasoma historia iliyomo katika sahani ya halua.

Ikikaribia Idi, halua hukorogwa Unguja na Pemba. Sukari, wanga, samli na iliki huchemshwa pamoja. Mwiko haupumziki, maana ukisimama, halua hushika chini. Ufundi huu ulitoka Oman, ukavuka bahari kwa majahazi.

Na sukari je? Katika karne ya 19, kando ya mto Pangani palikuwa na mashamba makubwa ya miwa. Waliokata miwa hiyo na kuikamua walikuwa watumwa. Sukari yake ilipakiwa majahazini kwenda Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukapigwa marufuku huko mwaka 1897. Pangani, iliyokuwa Tanganyika, ilingoja mpaka mwaka 1922.

Basi ukila halua, mkumbuke aliyekata muwa bila hiari yake. Kisha waulize wazee wako: zamani nyumbani kwenu vitamu vya Idi vilipikwa na nani, na kwa sukari ya wapi? Andika majibu yao katika daftari lako, yasije yakapotea.